Kompyuta Ikiganda Baada ya Keneli Mpya, Usikimbilie Kuifuta

Swali linalorudi mara kwa mara ni hili: "Kompyuta yangu ilikuwa nzima. Umeme ukakatika, uliporudi nikaiwasha, na tangu siku hiyo inaganda. Mshale hausogei, kibodi haiitiki, mpaka niizime kwa nguvu. Je, imeungua?" Waulizaji ni walimu wanaosimamia maabara za kompyuta shuleni, wenye maduka ya steshenari pale Same mjini, makarani wa vyama vya wakulima wa tangawizi huko Mamba Miamba, na wanafunzi waliorudi likizo Usangi na Ugweno wakiwa na laptopu za mtumba. Wengi wanatumia Ubuntu au ndugu zake, Linux Mint na Lubuntu. Baadhi wameingia Linux karibuni tu, kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine zao hazifikii masharti ya Windows 11.

Jibu langu ni moja, na makala yote inalitetea. Kompyuta ikianza kuganda mara tu baada ya kuwashwa upya, mtuhumiwa wa kwanza ni keneli mpya, na dawa ya kwanza ni kurudi kwenye keneli ya jana, ambayo kwa kawaida bado imo ndani ya diski. Kazi hiyo haihitaji bando wala flashi, haifuti faili hata moja, na ni ya dakika chache. Kuifungasha na kuipeleka Moshi, mwendo wa kilomita zipatazo 100 kutoka Same, ili ikafutwe na kupigwa mfumo upya, ni hatua ya mwisho kabisa. Watu huanza na hiyo kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ipo nyingine.

Kwa nini lawama huangukia umeme

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi. Anayezijua ndiva za Upare atanielewa upesi: maji ya kijito hukusanywa usiku, na mchana yanafunguliwa kwa zamu, mfereji huu kwanza, ule baadaye. Keneli ndiyo inayogawa zamu hizo ndani ya kompyuta. Inaamua programu ipi itumie prosesa sasa hivi, ipi ipewe kumbukumbu kiasi gani, na ipi izungumze na skrini, diski au kadi ya Wi-Fi. Mgawaji akikwama hakuna kinachosogea, hata kama kila kifaa ni kizima. Ndiyo maana kuganda kunakotokana na keneli hufanana sana na kuharibika kwa kifaa, na ndiyo maana watu wengi hununua kumbukumbu mpya au diski mpya bila sababu.

Sasa tazama mfuatano wa mambo. Ubuntu, ilivyo kiwandani, hushusha yenyewe masasisho ya usalama kimyakimya mara inapopata intaneti, na keneli ni miongoni mwa vitu vinavyoshushwa. Keneli mpya huwekwa kwenye diski kando ya ile ya zamani, lakini haianzi kazi mpaka kompyuta iwashwe upya. Laptopu ambayo mwenyewe huifunga kifuniko tu na kuifungua kesho yake inaweza kukaa wiki nzima bila kuwashwa upya. Halafu umeme unakatika. Laptopu nyingi za mtumba betri zake zimekufa, kwa hiyo mashine inazimika palepale. Umeme ukirudi, inawaka na keneli mpya kwa mara ya kwanza. Sasisho liliingia Jumatatu, athari imeonekana Ijumaa, na katikati yake limesimama tukio moja tu ambalo kila mtu aliliona kwa macho: giza. TANESCO inabeba lawama ya kitu kilichoingia siku nne kabla.

Huna haja ya kuniamini kwa maneno matupu, kwa sababu kompyuta yenyewe huandika kumbukumbu. Fungua terminali uandike `last reboot`. Utaona orodha ya kila mara mashine ilipowashwa, tarehe yake, na toleo la keneli iliyotumika. Ukikuta mistari ya zamani yote ina namba moja, na tangu siku matatizo yalipoanza namba imebadilika, umepata ushahidi mzito. Kisha andika `less /var/log/apt/history.log` uone ni lini hasa vifurushi vyenye jina linaloanza na `linux-image` viliingizwa. Tarehe mbili hizo zikiwekwa pamoja hueleza mengi kuliko kukisia.

Sisemi kwamba umeme hauui mashine. Unaua. Umeme unaoruka huunguza chaja na pawasaplai, na kuzimika ghafla huharibu faili zilizokuwa zikiandikwa. Vumbi nalo ni adui wa kweli kwenye tambarare yetu, kuanzia Hedaru hadi Makanya kwenye machimbo ya jasi, na joto la mchana pale chini si sawa na ubaridi wa Chome. Ila mashine iliyoungua haina sababu ya kupona kwa kubadilishiwa keneli tu, na mashine iliyojaa vumbi haichagui toleo la programu. Huo ndio msingi wa jaribio linalofuata.

Tambua aina ya kuganda

Kabla ya kugusa chochote, iangalie kompyuta ikiwa imeganda. Dakika moja ya kuangalia inakupunguzia nusu ya maswali.

- Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, keneli bado iko hai. Kilichokwama ni skrini au programu. Jaribu Ctrl+Alt+F3. Ukipata ukurasa mweusi unaokuomba jina la mtumiaji, ingia na uandike `sudo reboot`.
- Taa ya Caps Lock ikipepesa yenyewe bila kuguswa, keneli imeanguka kabisa. Hii hailetwi na programu ya kawaida kama kivinjari.
- Taa isipobadilika na hakuna kinachoitika, mashine yote imekwama. Hapa ndipo keneli na vifaa hugombania lawama.
- Sikiliza feni. Ikiwa inanguruma na chini ya laptopu pana moto, na kuganda hutokea mchana baada ya kazi nzito, shuku joto kwanza. Ikiganda asubuhi, ikiwa ya baridi, dakika tano baada ya kuwashwa, joto halihusiki.

Ukishaiwasha tena, andika `journalctl -k -b -1 -e`. Amri hiyo huonyesha maneno ya mwisho ya keneli kabla ya kuganda. Tafuta mistari inayotaja `i915`, `GPU HANG`, `soft lockup` au `nvme`, uipige picha kwa simu. Lakini usihukumu kwa ukimya: mashine ikikwama ghafla sana, maneno ya mwisho huwa hayajawahi kuandikwa kwenye diski. Kutokuona kosa si ushahidi kwamba hakuna kosa.

Kuizima bila kuiumiza

Kosa la kwanza hutokea hapa, na ni la hasira: kubana kitufe cha kuzima, tena na tena. Kila ukifanya hivyo unaacha faili nusu zimeandikwa. Baada ya mara kadhaa unapata tatizo la pili, la diski, juu ya lile la kwanza, na hapo hata anayejua hushindwa kutenganisha chanzo na matokeo.

Ipo njia laini zaidi. Shikilia Alt pamoja na kitufe cha PrtSc (kwenye laptopu kadhaa utahitaji na Fn), kisha, bila kuachia Alt, bonyeza S, subiri sekunde chache, U, subiri, halafu B. Ya kwanza huiamuru keneli iandike kwenye diski yote yaliyo mkononi, ya pili huifunga diski isiandikwe tena, ya tatu huiwasha mashine upya. Huenda umesikia mfuatano mrefu wa herufi sita, R, E, I, S, U, B. Ubuntu kwa kawaida huruhusu tatu za mwisho tu, kwa hiyo usishangae zile za mwanzo zisipofanya kitu. Ikiwa hata hizo hazisikiki, ndipo ubane kitufe cha kuzima, mara moja tu.

Namna ya kurudi kwenye keneli ya jana

1. Zima mashine, kisha iwashe. Nembo ya kampuni ikitokea, gusa Esc mara moja. Kwa mashine za zamani zenye BIOS ya kale, shikilia Shift badala yake. Ukigusa Esc mara nyingi mno utajikuta kwenye maandishi `grub>`. Usiogope, zima uanze tena.
2. Menyu ikitokea, shuka kwenye mstari ulioandikwa "Advanced options for Ubuntu" na ubonyeze Enter. Kwenye Mint utakuta jina la Mint mahali pa Ubuntu.
3. Utaona orodha ya keneli, mpya ikiwa juu. Kila moja ina pacha wake mwenye maneno "recovery mode". Mwache pacha. Chagua namba inayofuata chini ya ile mpya.
4. Ukishaingia, andika `uname -r` uhakikishe kwamba namba unayoiona ni ile ya zamani.
5. Fanya kazi ileile iliyokuwa ikiigandisha, kwa muda mrefu kuliko ule uliokuwa ukipita kabla haijaganda. Kama ilikuwa ikikwama ndani ya saa moja, ipe siku nzima.

Hatua ya tano ndiyo watu huiruka, na bila hiyo hujathibitisha chochote. Kompyuta iliyokaa dakika ishirini bila kuganda haijapona. Imekaa dakika ishirini tu. Lakini ikifanya kazi siku nzima kwenye keneli ya zamani, ukairudisha kwenye mpya ikaganda, ukairudisha tena kwenye ya zamani ikatulia, basi umemaliza ubishi. Vumbi halikuondoka na kurudi katikati ya majaribio hayo. Na kinyume chake ni muhimu vilevile: ikiganda hata kwenye keneli ya zamani, achana na makala hii kwa muda, ukasafishe feni na kupima kumbukumbu kwa programu ya Memtest86+.

Ukishathibitisha, usiwe unabonyeza Esc kila asubuhi. Fungua faili la mpangilio kwa `sudo nano /etc/default/grub` na uhakikishe mistari hii minne ipo:

`GRUB_DEFAULT=saved`
`GRUB_SAVEDEFAULT=true`
`GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu`
`GRUB_TIMEOUT=8`

Hifadhi, kisha andika `sudo update-grub`. Kuanzia hapo menyu itaonekana kwa sekunde nane kila unapowasha, na kompyuta itakumbuka chaguo lako la mwisho. Ichague keneli nzima mara moja, nayo itaendelea kuichukua hiyo. Kwenye shule ambako kompyuta moja hutumiwa na watu wengi, sekunde nane hizo zina faida nyingine: siku ya tatizo, hata mwalimu ambaye hajawahi kusikia neno keneli anaweza kuongozwa kwa simu, kwa sababu menyu iko mbele ya macho yake.

Makosa yanayogeuza tatizo dogo kuwa kubwa

La hatari kuliko yote ni kusafisha kabla ya kurudi. Mtu anasoma mahali kwamba keneli za zamani hula nafasi, anaandika `sudo apt autoremove`, na kwa mkono wake anaifuta ile nzima aliyokuwa ameihifadhi bila kujua. Ubuntu imewekewa tahadhari: haifuti keneli inayotumika wakati huo, na kwa kawaida huacha zile mbili za karibuni. Lakini ukivumilia keneli mbovu huku masasisho yakiendelea kuingia, itafika siku ambapo zote mbili zilizobaki ni za familia ileile mbovu. Kwa hiyo kabla ya kusafisha, andika `dpkg -l | grep linux-image` uone zilizopo. Zenye herufi `ii` mwanzoni ndizo zilizowekwa. Kamwe usiingie kwenye folda ya `/boot` na kufuta faili kwa mkono.

La pili ni kubandika maneno ya kichawi yaliyookotwa mahali, matano kwa mpigo. Ni kweli yapo maneno ambayo, yakiongezwa kwenye mstari wa kuwashia keneli, huondoa kuganda. Mfano maarufu ni wa prosesa za Intel za kizazi cha Bay Trail, kama Celeron N2840, zilizomo kwenye laptopu ndogo za bei rahisi zilizotoka kuanzia mwaka 2014 hivi. Kwa miaka kadhaa mashine hizo ziliganda chini ya Linux kila prosesa ilipoingia kwenye usingizi mzito wa kuokoa umeme, na watu waliziokoa kwa kuongeza `intel_idle.max_cstate=1`, maneno yanayoikataza prosesa kulala sana. Dawa ilifanya kazi, lakini ina gharama: betri huisha haraka zaidi. Ukiliweka neno hilo kwenye mashine isiyolihitaji, unabaki na gharama bila faida. Kama ni lazima ujaribu, jaribu moja tu kwa wakati. Kwenye menyu ya kuwashia bonyeza E, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza neno, halafu bonyeza F10. Jaribio hilo ni la safari moja. Ukiwasha tena limetoweka, kwa hiyo haliwezi kukuharibia.

La tatu: kuchanganya kuganda na kukosa kifaa. Baada ya keneli mpya Wi-Fi ikitoweka huku mengine yote yanakwenda, hiyo si kuganda. Kadi kadhaa, hasa za Broadcom, hutegemea kipande cha programu kinachojengwa upya kwa kila keneli, na kisipojengwa Wi-Fi haipo. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, na usasishe kifurushi cha kadi hiyo.

Sasisho likikatikia njiani

Hapa umeme una hatia ya kweli, na inafaa kusema wazi ni hatia ipi. Bando likiisha katikati ya kushusha, hakuna kinachoharibika. Mfumo hushusha kila kitu kwanza ndipo uanze kuweka, na ukipata bando jingine utaendelea. Umeme ukikatika katikati ya kuweka, ni shauri lingine. Keneli inaweza kuwa imewekwa lakini faili dogo linaloisaidia kuamka halijatengenezwa. Dalili yake si kuganda baada ya nusu saa. Mashine hukwama palepale mwanzoni, na kwenye skrini kuna maneno `Unable to mount root fs`.

Tiba huanza palepale: rudi kwenye keneli ya zamani. Kisha amri hizi kwa mpangilio huu: `df -h /boot` kuona kama nafasi imejaa, kwa sababu nafasi ikijaa faili hilo halitatengenezwa hata umeme ukiwepo, `sudo dpkg --configure -a` kumalizia kazi iliyokatika, `sudo update-initramfs -u -k all`, na mwisho `sudo update-grub`. Kwa mwenye laptopu isiyo na betri, kinga ni rahisi: usianze kusasisha wingu la mvua likiwa limetanda juu ya Shengena.

"Keneli ya zamani si hatari?"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya ushauri wangu, na wanaoitoa wana haki. Masasisho ya keneli huja kuziba matundu. Mwezi Machi 2022 Max Kellermann alitangaza tundu lililopewa jina Dirty Pipe, lililokuwemo kwenye keneli kuanzia toleo la 5.8. Mtumiaji wa kawaida, asiye na ruhusa yoyote, aliweza kuandika ndani ya faili asilostahili kuligusa na hatimaye kuitawala mashine nzima. Fikiria maana yake kwenye maabara ya shule, ambako wanafunzi mia hupita kwenye kompyuta ileile inayohifadhi alama zao. Anayekaa kwenye keneli ya zamani mwaka mzima anaacha mlango wazi.

Ila hoja hiyo inapinga kubaki, haipingi kurudi. Keneli ya wiki iliyopita imekosa viraka vya wiki moja. Kompyuta inayoganda kila saa imekosa kazi yote, na kila kuzimwa kwa nguvu huhatarisha faili zilezile tunazotaka kuzilinda. Kwa hiyo weka mpaka wa muda. Izuie keneli mpya kwa `sudo apt-mark hold linux-generic linux-image-generic linux-headers-generic`. Kama mashine yako inatumia mfululizo wa HWE nitakaoueleza baadaye, kila jina kati ya hayo matatu huongezewa mkia, kwa mfano `linux-generic-hwe-22.04`. Masasisho mengine yote, ya kivinjari na ofisi, yataendelea kuingia. Andika tarehe ukutani, na kila baada ya wiki mbili ondoa zuio kwa kuandika `unhold` mahali pa `hold`, pokea keneli mpya zaidi, uijaribu. Ile nzima bado utakuwa nayo pembeni.

Mara nyingi kusubiri huko huwa kufupi. Januari 2018, dunia ilipokuwa ikihangaika kuziba tundu la Meltdown kwenye prosesa za Intel, Ubuntu 16.04 ilipelekewa keneli 4.4.0-108, na kompyuta kadhaa zikashindwa kuwaka kabisa. Waliorudi kwenye keneli iliyotangulia waliendelea na kazi, na 4.4.0-109 iliyorekebisha kosa ikatoka haraka. Desemba 2023 Debian nayo iliahirisha toleo lake la 12.3, kwa sababu keneli iliyokuwemo ingeweza kuharibu data kwenye diski za ext4, ikatoa 12.4 tarehe 10 mwezi huohuo. Makosa haya hutokea kwa wenye ujuzi mkubwa kabisa. Tofauti ni kama una pa kurudi wakati wao wanarekebisha.

"Basi si bora Windows?"

Kama Windows inakufaa kwa kazi yako, itumie. Lakini usiihamie ukidhani huko hakuna kuganda baada ya masasisho. Januari ileile ya 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha kwa muda masasisho yake kwa baadhi ya kompyuta za AMD kwa sababu hazikuwaka tena. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike, linalosomwa na programu yake iliyo ndani ya keneli ya Windows, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, zikiwemo za mashirika ya ndege na hospitali. Wanaotumia Windows nao wana njia ya kurudi: ndani ya mipangilio, kwenye historia ya masasisho, kuna sehemu ya kuondoa sasisho, na baada ya kupokea toleo kubwa jipya una siku 10 za kurudi toleo lililotangulia. Kanuni ni ileile kwa wote, na wengi wanaolipia kupigwa Windows upya wangeweza kuitumia njia hiyo bure.

Kwa anayetunza maabara

Ushauri huu ungepunguza simu nyingi za dharura. Ubuntu za muda mrefu huwa na njia mbili za keneli. Ya kwanza hubaki na toleo lilelile tangu mwanzo mpaka mwisho, ikipokea viraka tu: Ubuntu 22.04 ilianza na 5.15 mwaka 2022, na toleo hilo linaendelea kutunzwa hadi 2027. Ya pili, inayoitwa HWE, huruka kwenda toleo jipya kila baada ya miezi kadhaa ili kutambua vifaa vipya. Kwenye 22.04 hiyohiyo ilipita 5.19, ikaja 6.2 mwaka 2023, kisha 6.5 na 6.8 mwaka 2024. Anayeweka Ubuntu ya mezani kwa kawaida huwekwa kwenye njia hii ya pili bila kuulizwa.

Kwa laptopu iliyotoka kiwandani jana, njia ya pili ni ya lazima. Kwa Dell Latitude au HP EliteBook ya mwaka 2015 iliyokuja kama msaada, sioni faida yake: hakuna kifaa kipya ndani cha kutambuliwa, na kila mruko ni nafasi mpya ya kitu cha zamani kuvunjika. Andika `sudo apt install linux-generic`, washa upya, uichague 5.15 kwenye menyu, uijaribu kama nilivyoeleza, na ikitulia uibakize hiyo. Viraka vya usalama vitaendelea kuja, kwa hiyo, mradi uichague kwenye menyu 5.15 mpya zaidi kila inapoingia, hoja ya Dirty Pipe haikugusi.

Zaidi ya hapo, teua mashine moja ya kutangulia. Isasishe hiyo, itumike siku tatu nne, ndipo zifuate nyingine. Usisasishe chochote wiki ya kuingiza alama au kusajili watahiniwa, hata kama kompyuta inakuomba kwa upole.

Ukilazimika kumwona fundi

Ikiwa keneli zote zinaganda, au huna ya zamani, mpelekee fundi, lakini mpelekee na taarifa. Fundi anayepokea laptopu na maneno "inastaki" hana cha kufanya zaidi ya kupiga mfumo upya, kwa sababu ndiyo njia pekee anayoweza kuihakikisha kwa siku moja. Si kosa lake. Mwandikie kwenye karatasi:

- keneli inayoganda na, kama ipo, isiyoganda, kama ulivyozisoma kwa `uname -r`;
- tarehe ya kuganda kwa kwanza na tarehe ya sasisho;
- taa ya Caps Lock hufanya nini ikiganda;
- uliyokwisha kujaribu, na maneno yoyote uliyoongeza kwenye mstari wa kuwashia.

Na akiamua kwamba lazima afute, mwombe kwanza aiwashe mashine kwa flashi yenye Ubuntu, bila kuiweka, anakili folda yote ya `/home` kwenye diski ya nje, kisha afungue faili mbili tatu zilizonakiliwa mbele yako, kabla hajagusa diski.